Maana ya "Papo Hapo": Semantiki Rasmi ya Lugha ya Programu Inayoongozwa na Matukio

1.0 Utangulizi

Mwanaisimu anaposikia neno semantiki, hufikiria kwanza maana za maneno na tungo katika lugha za wanadamu. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960 neno hilo limetumiwa pia na wataalamu wa kompyuta, na matumizi yao hayako mbali na yetu. Wao nao wana lugha zenye msamiati na sintaksi. Wao nao hukabiliwa na swali lile lile, yaani utungo uliokubalika kisarufi unamaanisha nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema hivyo. Mnamo mwaka 1970 Richard Montague alitetea msimamo kwamba hakuna tofauti ya msingi ya kinadharia kati ya lugha asilia na lugha rasmi za wanamantiki. Msimamo huo ungali unabishaniwa katika isimu. Hata hivyo, hautuzuii kuangalia jirani zetu wanafanyaje kazi ambayo sisi pia tunaifanya.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi semantiki ya lugha moja ya programu, iitwayo Esterel, ilivyojengwa. Lugha hii hutumiwa kuandikia programu zinazoongozwa na matukio katika wakati halisi. Hoja yetu ni kwamba katika lugha ya aina hiyo mzigo mkubwa wa maana hubebwa na dhana moja ndogo, dhana ya "papo hapo". Dhana hiyo ikiachwa bila kufafanuliwa, programu nzima huyumba. Ikifafanuliwa kikamilifu, hujitokeza jambo la pili lisilotarajiwa: baadhi ya tungo zilizo sahihi kisarufi huonekana kuwa hazina maana, na semantiki hulazimika kuwa na njia ya kuzikataa.

2.0 Utata wa wakati na madhara yake

Tuanze na tungo tatu za Kiswahili:

(1) Mlango ukifunguka, kengele inalia.
(2) Mlango ulipofunguka, kengele ililia.
(3) Mlango ulifunguka, kengele ikalia.

Katika (3), kiambishi -ka- kinatuambia kwamba mlio wa kengele ulifuata kufunguka kwa mlango. Katika (2), kiambishi -po- kinayaweka matukio hayo mawili katika wakati mmoja, ingawa hakisemi kama wakati huo ni nukta moja au ni kipindi chenye urefu. Katika (1), -ki- inabeba sharti na wakati kwa pamoja. Je, kengele inalia katika nukta ile ile ya kufunguka kwa mlango, au baada yake kidogo? Na mlango ukifungwa tena kabla kengele haijaanza kulia, je, italia? Msemaji wa Kiswahili hasumbuliwi na maswali haya kwa sababu muktadha humsaidia. Mashine haina muktadha. Ina maagizo tu, na kila pengo katika maana ya agizo litazibwa kwa namna fulani, hata kama hakuna aliyekusudia namna hiyo.

Madhara ya mapengo ya aina hii si ya kinadharia. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyoundwa nchini Kanada, iliwapa wagonjwa sita wa Kanada na Marekani mionzi iliyozidi kipimo kwa mbali sana, na baadhi yao walifariki. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulieleza kilichotokea katika hospitali moja ya mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986. Mhudumu aliandika herufi ya aina moja ya tiba, akagundua kosa, akarudi nyuma na kuirekebisha upesi. Wakati huo huo sehemu nyingine ya programu ilikuwa ikizipanga sumaku za mashine, kazi iliyochukua sekunde 8 hivi. Marekebisho yakifanywa ndani ya sekunde hizo, sehemu hiyo haikuyatambua. Skrini ilionyesha agizo jipya, ilhali sehemu ya mashine ilibaki imepangwa kwa agizo la zamani.

Katika programu hiyo hapakuwa na mstari mmoja ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole na kusema, "hili ni kosa la sarufi." Kila sehemu, ikisomwa peke yake, ilisomeka. Lililokosekana ni maana ya sehemu hizo zikiwa pamoja: tukio hili likitokea wakati lile likiendelea, itakuwaje?

3.0 Mifumo yenye kuitikia

David Harel na Amir Pnueli, katika maandishi yao ya mwaka 1985, walitenga kundi maalumu la mifumo ambayo hapa tutaiita mifumo yenye kuitikia. Programu ya kawaida hupewa data, hukokotoa, hutoa jibu, kisha husita. Maana yake inaweza kuelezwa kama uhusiano kati ya kilichoingia na kilichotoka. Mfumo wenye kuitikia hausiti. Uko katika mazungumzo yasiyokoma na mazingira yake, na yanayoamua mwendo wa mazungumzo hayo ni mazingira. Mfumo wa kuongoza ndege hauwezi kuuambia upepo usubiri.

Kabla ya hapo palikuwa na njia kuu tatu za kueleza maana ya programu. Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 waliieleza maana kwa njia ya madai ya kimantiki yanayokuwa kweli kabla na baada ya agizo. Dana Scott na Christopher Strachey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliilinganisha kila programu na kitu cha kihisabati kinachosimama badala yake. Gordon Plotkin, katika mihadhara yake ya Aarhus ya mwaka 1981, aliieleza maana kwa kanuni zinazofuata umbo la kisintaksi la utungo, kila kanuni ikisema utungo wa umbo fulani unaweza kupiga hatua gani. Njia hii ya tatu, ambayo tutaiita semantiki tendaji, ndiyo iliyochukuliwa na waundaji wa Esterel.

Lugha hiyo ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Watafiti wawili, Jean-Paul Marmorat na Jean-Paul Rigault, walikuwa wakitengeneza gari dogo la roboti kwa ajili ya mashindano, wakaona kwamba lugha zilizokuwepo haziwaruhusu kusema kwa urahisi mambo waliyoyafikiria kwa urahisi. Gérard Berry, aliyekuwa mtaalamu wa semantiki, alijiunga nao na kuipa lugha hiyo msingi wake wa kihisabati. Jina lake limetokana na milima ya Esterel iliyo karibu na hapo, na kwa masikio ya Mfaransa linakaribiana na maneno yenye maana ya "wakati halisi".

4.0 Dhana ya mpigo

Uamuzi wa kwanza wa waundaji hao ulihusu wakati wenyewe. Walikata kwamba programu itauona wakati kama mfululizo wa nukta zisizo na urefu. Kila nukta hapa tutaiita mpigo. Katika kila mpigo programu hupokea ishara zilizofika, huitikia kwa kutoa ishara nyingine, na mwitikio huo hauchukui muda wowote. Kilichotolewa kinasikika na sehemu zote za programu katika mpigo ule ule. Ama ishara ipo katika mpigo, ama haipo. Haiwezi kuwapo kwa sehemu moja na kutokuwapo kwa nyingine.

Msomaji atasema mara moja kwamba hili si kweli, kwani hakuna kompyuta inayokokotoa bila kutumia muda. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba tunachofanya ni kutenganisha maswali mawili. Swali la kwanza ni la maana: mwitikio sahihi ni upi? Swali la pili ni la utekelezaji: je, mashine hii itaukamilisha mwitikio huo kabla mpigo unaofuata haujafika? Mhandisi hulijibu la pili kwa kupima muda mrefu kabisa ambao ukokotoaji unaweza kuchukua. Akifanikiwa, dhana ya mpigo inakuwa sahihi kwa matumizi yote yaliyokusudiwa, kama vile mtu anayekokotoa mwendo wa embe linaloanguka asivyohitaji kuhesabu muda ambao mwanga hutumia kulifikia jicho lake.

Faida ya utengano huu ni kubwa. Programu ikipewa mfululizo ule ule wa ishara, itaitikia vile vile daima, iwe kwenye mashine ya kasi au ya polepole. Kasi haimo katika maana. Katika mashine ya Tyler, kinyume chake, maana ilibadilika kufuatana na wepesi wa vidole vya mhudumu.

5.0 Sintaksi kwa ufupi

Maneno ya msingi ya Esterel ni machache. Hapa tumeyapa visawe vya Kiswahili ili mjadala usomeke:

(4) hakuna : usifanye lolote, maliza papo hapo
tua : simama mpaka mpigo ujao
toa S : toa ishara S
ikiwapo S basi p lasivyo q mwisho
p, q : fanya p, ikimalizika fanya q
p || q : fanya p na q sambamba
rudia p mwisho
katiza p ikija S
mtego T katika p mwisho, pamoja na toka T
ishara S katika p mwisho : S inajulikana ndani ya p tu

Izingatiwe kwamba katika orodha hii ni tua peke yake inayoukabidhi utekelezaji kwa mpigo ujao. Mengine yote hutendeka papo hapo. Wakati hupita pale tu mwandishi anaposema upite. Maneno mengine hujengwa kutokana na haya. Kwa mfano, ngoja S ni ufupisho wa katiza (rudia tua mwisho) ikija S.

Mfano ufuatao ni maarufu miongoni mwa watumiaji wa lugha hii. Tunataka programu itakayotoa ishara O pale A na B zitakapokuwa zimekwisha kufika zote mbili, kwa utaratibu wowote, na ianze upya kila R inapofika:

(5) rudia
[ ngoja A || ngoja B ], toa O
kila R

Je, A, B na R zikifika katika mpigo mmoja, O itatolewa? Maelezo ya Kiswahili tuliyoyatoa hapo juu hayajibu. Lugha yenyewe inajibu: kila R ni ukatizaji wenye nguvu, yaani R ikiwapo mwili wa kitanzi haupewi nafasi ya kumalizia ilichokuwa ikifanya, bali huanza upya. Kwa hiyo O haitolewi. Mwandishi anaweza asilipende jibu hilo, na lugha humpa namna ya kuandika kinyume chake. Asichoweza kufanya ni kulikwepa swali.

6.0 Kanuni za maana

Semantiki tendaji ya Esterel inaeleza mpigo mmoja kwa uhusiano wenye sehemu tano. Tukiwa na utungo p katika mazingira E, yaani orodha ya ishara zilizopo, kanuni zinatuambia ishara zitakazotolewa, masalia ya p yatakayoendelea katika mpigo ujao, na namba k inayosema p ilifikia wapi. Namba hii, ubunifu unaonasibishwa na Georges Gonthier, ni 0 ikiwa p imemalizika, 1 ikiwa imetua, na 2 au zaidi ikiwa inatoka katika mtego: 2 kwa mtego ulio karibu kabisa, 3 kwa unaouzunguka huo, na kuendelea.

Kanuni zenyewe zinaweza kusemwa kwa maneno:

(6) a. tua hutoa namba 1. Masalia yake ni hakuna.
b. toa S hutoa ishara S na namba 0.
c. ikiwapo S hutenda kama p ikiwa S imo katika E, na kama q ikiwa haimo.
d. p, q : namba ya p ikiwa 0, q huanza katika mpigo ule ule, isipokuwa 0, q haiguswi.
e. p || q : pande zote mbili hutenda, ishara zao huunganishwa, namba ya jumla ni iliyo kubwa kati ya namba zao mbili.
f. rudia p : p haina ruhusa ya kutoa namba 0 katika mpigo ilimoanzia.

Kanuni (6e) inastahili kutazamwa kwa makini. Usambamba ndio uliowasumbua waandishi wa programu kwa muda mrefu, nao hapa umeelezwa kwa neno "kubwa". Upande mmoja ukimalizika (0) na mwingine ukatua (1), jumla ni 1: tunasubiri. Pande zote zikimalizika, jumla ni 0: tumemaliza. Upande mmoja ukitoka mtegoni (2) huku mwingine umetua (1), jumla ni 2: wote wanatoka. Maana ya kizima imepatikana kutokana na maana za sehemu zake na namna zilivyounganishwa, na hakuna kingine. Hii ndiyo kanuni ambayo wanaisimu huinasibisha na Frege, nayo hapa haina hata upekee mmoja.

Tuijaribu kwa (5). Katika mpigo wa kwanza pande zote mbili zimetua: kubwa kati ya 1 na 1 ni 1, na O haitolewi. Katika mpigo wa pili A inafika: 0 na 1, jumla 1. Katika mpigo wa tatu B inafika: 0 na 0, jumla 0. Kwa kanuni (6d), toa O inaanza katika mpigo huo huo wa tatu. O imetolewa pamoja na B, bila kuchelewa.

7.0 Tungo sahihi zisizo na maana

Mpaka hapa mambo yanaonekana shwari. Tatizo linaletwa na ishara za ndani. Kwa kuwa mwitikio hauchukui muda, ishara inayotolewa mwishoni mwa utungo inasikika pia mwanzoni mwake. Hivyo tunahitaji sharti la ulinganifu: ishara ya ndani ipo katika mpigo ikiwa, na ikiwa tu, inatolewa katika mpigo huo. Sasa zitazamwe tungo hizi:

(7) ishara S katika ikiwapo S basi hakuna lasivyo toa S mwisho mwisho
(8) ishara S katika ikiwapo S basi toa S lasivyo hakuna mwisho mwisho

Utungo (7) unasema: ikiwa S haipo, itoe. Tukidhani S ipo, haitolewi, kwa hiyo haipo. Tukidhani haipo, inatolewa, kwa hiyo ipo. Huu ni ndugu wa sentensi ya mwongo anayesema kwamba anasema uongo. Hauna jibu. Utungo (8) una kasoro iliyo kinyume: tukidhani S ipo, inatolewa; tukidhani haipo, haitolewi. Una majibu mawili, na hakuna sababu ya kuchagua mojawapo.

Suluhisho la kwanza la kufikirika ni kuzikubali tungo zenye jibu moja tu, si pungufu wala zaidi. Sharti hilo lingezikataa (7) na (8). Lakini halitoshi, kama inavyoonyeshwa na mfano ufuatao, unaotokana na ule ulioelezwa na Berry:

(9) [ ikiwapo S basi toa S lasivyo hakuna mwisho
|| ikiwapo S basi
ikiwapo U basi hakuna lasivyo toa U mwisho
lasivyo hakuna mwisho ]

Upande wa kwanza ni (8), wenye majibu mawili. Upande wa pili una (7) ndani yake, isiyo na jibu, lakini inaamshwa S ikiwapo tu. Tukidhani S ipo, tunaangukia katika mkanganyo wa U. Kwa hiyo S haipo, U haipo, na jibu ni moja tu. Kihesabu utungo huu ni halali. Lakini ni mhandisi gani angeridhika nao? Kosa moja limelifuta kosa jingine. Ishara S imeamuliwa kuwa haipo, si kwa sababu kuna kitu kilichoizuia, bali kwa sababu kama ingekuwapo pangetokea balaa mahali pengine. Mtu akirekebisha upande wa pili kwa nia njema, upande wa kwanza utapoteza maana yake, na hatajua kwa nini.

8.0 Semantiki jengefu

Jibu ambalo Berry na wenzake walilifikia katika miaka ya 1990, na lililoelezwa kwa upana katika rasimu ya kitabu chake ya mwaka 1999, linaitwa semantiki jengefu. Msingi wake unaweza kusemwa kwa sentensi moja: hairuhusiwi kudhani. Kila ishara ya ndani huanza mpigo ikiwa haijulikani. Inatangazwa kuwa ipo pale tu ilipothibitishwa kwamba lazima itatolewa. Inatangazwa kuwa haipo pale tu ilipothibitishwa kwamba hakuna njia iliyobaki ambayo yamkini ingeitoa. Utungo wa ikiwapo S haufunguliwi matawi yake kwa yakini mpaka hali ya S ijulikane. Kila mara tunapojua jambo jipya tunayapitia tena yaliyosalia, mpaka kila kitu kijulikane au tukwame.

Tuanze na utungo usio na tatizo:

(10) toa A || ikiwapo A basi toa B lasivyo toa C mwisho

A lazima itolewe. Kwa hiyo ipo. Sasa tawi la basi linafunguka: B lazima itolewe, na C haina njia. Kila kitu kimejulikana, na kwa kila hatua sababu imetangulia tokeo lake. Linganisha na (8). S haijulikani. Je, lazima itolewe? Hatujui, kwa kuwa tawi halijafunguliwa. Je, haina njia ya kutolewa? Inayo. Tumekwama, na utungo unakataliwa. Vivyo hivyo (9) inakataliwa, bila kujali kwamba kihesabu ilikuwa na jibu moja.

Ukali wa kanuni hii unaonekana zaidi katika (11):

(11) ikiwapo S basi toa S lasivyo toa S mwisho

Msomaji atasema: ama S ipo ama haipo, na kwa vyovyote inatolewa, kwa hiyo ipo. Hoja hiyo inategemea sheria ya mantiki isemayo kwamba kila dai ama ni kweli ama si kweli. Mwanahisabati wa Uholanzi L. E. J. Brouwer aliikataa sheria hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 pale inapotumiwa badala ya uthibitisho, na semantiki jengefu inafuata njia yake. Katika (11), S inatolewa kwa sababu ya S yenyewe kuwa na hali fulani, na hali hiyo haijapata sababu. Utungo unakataliwa.

Je, ukali huo ni wa haki, au ni mapenzi ya wanafalsafa tu? Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Programu ya Esterel inaweza kutafsiriwa moja kwa moja kuwa saketi ya umeme, kila ishara ikiwa waya. Utungo (11) unakuwa saketi ambayo waya wake unarudi kujilisha wenyewe. Fundi umeme anajua kwamba saketi ya namna hiyo, kutegemea ucheleweshaji mdogo wa nyaya, inaweza kuyumba bila kutulia. Utafiti ulioanza kwa kazi ya Sharad Malik mwaka 1994, na kukamilishwa kwa uthibitisho wa Michael Mendler, Thomas Shiple na Gérard Berry uliochapishwa mwaka 2012, umeonyesha kwamba saketi hutulia kwa ucheleweshaji wowote wa nyaya pale, na pale tu, mantiki jengefu inapoweza kuthibitisha hali ya kila waya. Kinachothibitika bila kudhani ndicho ambacho umeme hukitenda bila kuyumba.

9.0 Mipaka

Ingekuwa kosa kudai kwamba semantiki hii inatatua kila tatizo. Kwanza, haisemi lolote kuhusu muda wa mashine. Swali la pili la sehemu ya 4.0 lazima lijibiwe kila mara, na kwa mashine mahsusi. Pili, mpigo mmoja unaoshirikiwa na wote unafaa ndani ya kompyuta moja. Kompyuta zilizotawanyika, kila moja na saa yake, hazina "papo hapo" ya pamoja. Tatu, ukali wa kanuni unakataa tungo fulani ambazo mwandishi wa kawaida huziona hazina kosa. Ndiyo maana watafiti wa Kiel, Ujerumani, walipendekeza katika miaka ya 2010 lugha ya SCCharts, inayolegeza sharti hilo kwa kuutambua mfuatano ulioandikwa na mwandishi mwenyewe.

Hali kadhalika, Esterel haikuwa peke yake. Lustre, iliyoundwa Grenoble na Paul Caspi na Nicolas Halbwachs pamoja na wenzao, iliuangalia mpigo kwa jicho la milinganyo badala ya maagizo. Kutokana nayo ilitokea SCADE, iliyotumiwa kuandikia programu za uongozaji wa ndege za Airbus. Toleo la SCADE la baadaye lilichanganya milinganyo ya Lustre na miundo ya udhibiti iliyotokana na Esterel.

Tukirudi Tyler: matayarisho ya mashine yangeandikwa kwa umbo la rudia [matayarisho] kila BADILIKO, maana ya agizo hilo isingekuwa na pengo. Badiliko lolote lingeanzisha matayarisho upya katika mpigo ule ule, vidole vya mhudumu viwe vyepesi au vizito. Hatusemi kwamba lugha peke yake ingewaokoa wagonjwa wale. Mashine hiyo ilikuwa pia imeondolewa vizuizi vya kimaumbo vilivyokuwepo katika mashine zilizoitangulia. Tunachosema ni kwamba swali lingeulizwa mapema, tena na sarufi yenyewe.

10.0 Hitimisho

Tumeona kwamba maana ya programu inayoongozwa na matukio inasimama juu ya ufafanuzi wa "papo hapo". Kwamba ufafanuzi huo unazaa tungo zilizo sahihi kisintaksi lakini hazina maana. Na kwamba njia iliyofaa kuzitambua ni kudai sababu kabla ya tokeo. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la istilahi: dhana hizi zinasemeka kwa Kiswahili kwa kutumia mizizi tuliyo nayo, kama vile mpigo, tua, katiza, mtego, lazima na yamkini, bila kulazimika kukopa kila neno. La pili ni la uchanganuzi. Sisi tumezoea kueleza -ki-, -po- na -ka- kwa kutoa mifano na kumwachia msomaji ahisi tofauti iliyopo. Anayeiandikia mashine haruhusiwi kumwachia msomaji chochote. Zoezi la kuandika kanuni za viambishi hivyo kwa ukali wa (6), ikionyeshwa kwa kila kimoja ni matukio yapi yanashiriki nukta moja na yapi yanafuatana, lingetuonyesha upesi ni wapi tunapoyajua maelezo yetu na ni wapi tunapoyadhani tu.